Kadi ya Njano ya Ploti Namba 114

Kazi ya Zadock ilikuwa kulinda mchanga, na hakuna namna ya kuipamba kazi ile. Huko Al Qusais, Dubai, nyuma ya maghala, palikuwa na kiwanja kilichozungushiwa uzio wa mabati, na ndani ya uzio hapakuwa na kitu: mchanga, chupa za plastiki zilizoletwa na upepo, na paka mmoja aliyeingia na kutoka bila kuandikwa kitabuni. Mwenye kiwanja alikinunua, akasimamisha kibao chenye namba, kisha akatafuta kampuni ya ulinzi imwekee mtu langoni. Mtu mwenyewe ndiye Zadock. Alikaa katika kibanda cha mbao kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kila saa aliandika kwenye kitabu cha kampuni kwamba hakuna tatizo. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyekigombea kiwanja kile, wala aliyekuja hata kukichungulia.

Kwao, wakati huohuo, ekari zake tano zilikuwa na wenyewe wawili.

Kwao ni Ndoleli, skimu ya makazi iliyo juu ya Kitale, mwendo wa saa mbili kwa gari ikiwa mvua haijanyesha. Zamani lilikuwa shamba la mzungu. Mzungu alipoondoka, vibarua wake hawakuondoka, maana hawakuwa na pa kwenda. Baba yake Zadock alikuwa mmoja wao, mkamuaji wa ng'ombe. Miaka mingi baadaye serikali ikalikata shamba vipande vya ekari tano tano, ikawapa vibarua wale kadi, kila kadi na namba ya ploti, jina na mhuri. Kadi hizo zilikuwa za njano. Kisha wakubwa wakabadilika, na wakubwa wapya nao walikuwa na watu wao wa kupewa ardhi: familia zilizotolewa msituni, zilizokuwa zikilala kwenye mahema kando ya barabara na watoto wao wakikohoa. Ramani ikatandazwa upya mezani, namba zikagawiwa upya, kana kwamba juu ya zile za kwanza hapakuwa na mtu anayepika wala anayezikwa. Kadi za safari hii zilikuwa nyeupe. Mhuri ulikuwa uleule.

Basi Ndoleli ikawa na watu wa njano na watu wa nyeupe. Wa njano waliwaita wenzao wavamizi. Wa nyeupe wakawaita hao maskwota wa mzungu. Walipitana njiani kwenda kisimani bila salamu. Ng'ombe wa huyu akiingia kwenye mahindi ya yule alirudi na kidonda, na kidonda kile kilijibiwa kwa ua uliong'olewa, na ua kwa kesi kwa chifu, na chifu naye alikuwa na kadi yake nyumbani ambayo hakumwonyesha mtu rangi yake.

Ploti namba mia moja na kumi na nne ilikuwa ya Zadock kwa njano, kwa kurithi kwa baba yake, ambaye kaburi lake lilikuwa hapohapo. Kwa nyeupe ilikuwa ya mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Shem. Everlyn, mke wa Zadock, aliishi upande wa juu na watoto watatu. Mama Shem na mwanawe wakajenga upande wa chini karibu na kijito, kwanza kibanda cha nyasi, na mwaka wa pili nyumba kamili. Siku moja Everlyn alimpigia Zadock simu kumwambia kwamba hao wa chini wameezeka mabati mapya, yanayowaka jua likipiga mpaka mtu anafumba macho. Mtu haezeki mabati mahali anapopita. Zadock aliyachukia mabati yale bila kuwahi kuyaona, na akiwa kibandani kwake Al Qusais alikuwa akiyang'oa moja moja katika mawazo yake.

Watu wa Ndoleli walikuwa na desturi yao moja wakiwa ugenini. Ukiwauliza kwao ni wapi, hawakutaja Ndoleli. Walisema Kitale, wakaishia hapo. Ukitaja Ndoleli mbele ya mtu anayeijua, swali linalofuata ni la rangi ya kadi, na baada ya swali hilo urafiki unaweza kufa papo hapo. Zadock alisema Kitale kwa miaka minne, na hakuwahi kujiuliza ni wangapi wengine pale Dubai waliosema Kitale kwa sababu hiyohiyo.

Mmoja wao alikuwa Agneta. Alifanya kazi ya kupiga pasi katika duka la dobi huko Satwa, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyobabuka kwa mvuke, na chumba chake cha juu ya duka ndicho kilichotumika kwa ibada kila Ijumaa. Walikuwa kama watu kumi na wawili, walinzi, wahudumu wa hoteli na yaya mmoja wawili waliopewa ruhusa na madamu zao. Baada ya ibada Agneta alisonga ugali katika sufuria kubwa, akamtengea Zadock ukoko kwa kuwa alijua anaupenda. Walizoeana kama ndugu wa tumbo moja. Zadock alipougua homa, Agneta ndiye aliyemletea uji mpaka Al Qusais kwa mabasi mawili. Na Agneta alipoomba kikundi kimwombee mama yake, aliyekuwa anajenga nyumba uzeeni na fundi anamsumbua, Zadock ndiye aliyeongoza maombi, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito na ilifaa kwa mambo mazito. Alimwomba Mungu aimarishe misingi ya nyumba ile na amwaibishe kila anayeinuka juu yake. Watu wakasema amina.

Sasa, kadi ya njano. Mwaka mmoja vurugu za ardhi zilipozuka Ndoleli, Zadock, akiwa kijana, aliona jinsi watu wa njano walivyopoteza kadi zao. Nyumba zilichomwa, na kadi zilikuwa ndani ya nyumba, chini ya magodoro na ndani ya makopo ya chai. Asubuhi yake mtu alikuwa na ekari tano na hana karatasi ya kusema hivyo. Mama yake Zadock alinusurika kwa kuwa alikuwa ameishona kadi ndani ya mto wa kulalia, na alikimbia na mto badala ya kukimbia na unga. Somo hilo Zadock alilishika kupita kiasi. Alipopata kazi ya Dubai alimwambia Everlyn kwamba kadi haitabaki Ndoleli ikingoja kiberiti. Alinunua kava la pasipoti, la ngozi bandia, akaiingiza kadi kati ya kava na kitabu, akaacha nakala ya fotokopi nyumbani. Hata Ndoleli nzima ingeungua, kadi ingekuwa salama kifuani mwake angani.

Kifuani ilikaa saa tano tu. Pale uwanja wa ndege wa Dubai, mtu wa kampuni aliwapanga foleni akazikusanya pasipoti zote kwenye mfuko mweusi wa nailoni. Walipouliza watazirudishiwa lini alisema yalla, twendeni, gari linangoja. Zadock alitaka kusema kitu, akaogopa. Mtu mgeni, siku ya kwanza, ataanzaje kueleza habari za shamba la mzungu na rangi za kadi? Alijipa moyo kwamba kasiki la kampuni ni salama kuliko mto wa mama. Wala hakumwambia Everlyn, ili asimtie wasiwasi. Kosa lake lilikuwa hapo, na alikuja kulirudia moyoni mara nyingi, kwamba alikaa kimya siku ile kwa kuona haya.

Mwishoni mwa Februari mwaka 2005, Everlyn alipiga simu akihema. Kamati ya uhakiki ilikuwa inakuja Ndoleli kumaliza ubishi. Wangekaa katika darasa la chekechea, ploti moja baada ya nyingine, na zamu ya namba mia moja na kumi na nne ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Machi. Kila upande ulete kadi ya asili. Fotokopi haitaguswa, kwa sababu kadi za njano zilikuwa zimefotokopiwa na matapeli mpaka mtu mmoja alijikuta na ploti ndani ya kiwanja cha kanisa. Kadi mbili zikikutana, kamati itaangalia nani alitangulia kuingia, na hapo Everlyn hakuwa na hofu, maana kaburi la baba mkwe lilikuwa na tarehe yake kwenye saruji. Asiye na kadi ataandikwa hana, na kesi imekwisha.

"Itume kesho, Baba Monicah," Everlyn alisema. "Wiki tatu zinatosha."

Zadock alisema ataituma. Akakata simu, akakaa akiutazama mchanga wa watu, na mara ya kwanza katika miaka minne akasahau kuandika kitabuni.

Kesho yake aliomba ruhusa akaenda Al Garhoud kwenye ofisi ya kampuni. Mwenye kushughulika na viza na pasipoti, ambaye wote walimwita mandub, alikuwa Munir, Mkenya mwenzake, mtu wa Mombasa, mnene, mwenye manukato na huruma nyingi na uwezo mdogo. Zadock alimweleza yote. Munir alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika shavu.

"Mzee Zadock, mimi hapa ni mtumishi kama wewe, tofauti yetu ni kiyoyozi," alisema. "Ufunguo wa kasiki anao arbab mwenyewe, tajiri wa kampuni, na arbab yuko safarini. Akirudi, inshallah, nitamwambia."

Zadock aliuliza kama basi anaweza kupewa likizo aende na pasipoti yake mwenyewe. Munir alicheka kidogo, si kwa dharau. Likizo ilihitaji sahihi ya arbab huyohuyo.

Wiki ya kwanza ikaisha. Wiki ya pili Zadock alipiga simu ofisini kila siku saa nne, mpaka msichana wa mapokezi akawa anajibu bado kabla hajasalimiwa. Usiku alilala kwenye kitanda cha ghorofa pamoja na wanaume wengine saba na hakumwambia hata mmoja, maana wawili walisema kwao ni Kitale. Everlyn alipouliza, alimjibu iko njiani. Ulikuwa uongo, na aliusema vizuri, na hilo lilimtisha zaidi. Arbab alirudi Jumanne ya tarehe kumi na tano. Jumatano asubuhi Munir akapiga simu mwenyewe: kasiki limefunguliwa, njoo.

Pasipoti ilikuwepo, na picha ya Zadock akiwa kijana zaidi na mwenye matumaini. Kava halikuwepo.

Munir aliigeuza pasipoti mkononi, kisha akajipiga paji la uso. Makava! Uhamiaji hawapokei pasipoti yenye kava, hivyo kila watu wapya wakifika yeye mwenyewe huyavua yote kabla ya kupeleka viza. Huyatupa wapi? Alifikiri. Hayatupi, alisema, roho haimpi, kwa kuwa watu huweka mambo yao humo. Akaingia stoo akatoka na maboksi mawili ya maji ya kunywa yaliyojaa pomoni.

Walipiga magoti wote wawili kwenye zulia la ofisi. Yalikuwa makava ya miaka sita: ya plastiki, ya kitambaa, yenye ramani ya Afrika, yenye jina la Yesu, yenye Ayatul Kursi. Ndani yake zilitoka picha za wake, picha ya mtoto mchanga akiwa amelala, dua iliyokunjwa mara nane, ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha nyimbo, nywele zilizofungwa kwa uzi. Kila mmoja alikuja na kitu chake cha kumlinda, na kila mmoja alinyang'anywa uwanjani bila mwenye kukinyang'anya kujua. Munir alikuwa akivishika vitu vile kwa ncha za vidole. Boksi la pili lilipofika nusu, alitoa kava la kahawia, akalipapasa, akavuta kadi ya njano iliyopauka pembeni.

"Ndiyo hii? Mimi nilidhani kadi ya kliniki," alisema.

Zadock aliipokea kwa mikono miwili. Namba 114, jina la baba yake, mhuri. Alilia mbele ya Munir bila kujificha, na Munir, ambaye alikuwa na kazi nyingi siku ile, akamletea chai ya maziwa akakaa naye.

Lakini ilikuwa Jumatano, na uhakiki ni Jumamosi. Kwenye duka la kutuma vifurushi walimwambia Nairobi kitafika Jumatatu, Kitale ni habari nyingine. Ndipo akamkumbuka Agneta, akajilaumu kwa kutomfikiria mapema. Agneta alikuwa amemaliza mkataba wake na anarudi kwao. Kikundi kilikuwa kimemuaga Ijumaa iliyopita kwa pilau na machozi. Ndege yake ilikuwa Alhamisi alfajiri. Alhamisi usiku angepanda basi la kutoka Nairobi, Ijumaa asubuhi awe Kitale. Mungu gani angelipanga vizuri zaidi ya hapo? Zadock alipanda basi la Satwa akiimba kimoyomoyo.

Alimkuta Agneta dukani, akimalizia pasi mashati ya mwisho ya maisha yake ya Satwa, kama alivyosema mwenyewe akicheka. Sanduku lake lilikuwa tayari nyuma ya mlango, limefungwa kamba. Zadock alimwambia ana mzigo mdogo sana, karatasi moja, lakini karatasi hiyo ndiyo maisha yake, na hamwamini mtu mwingine. Agneta akasema hata ingekuwa jiwe la kusagia angelibeba. Akazima pasi, akajipangusa mikono, akapokea bahasha.

Zadock alikuwa hajaifunga, na akaanza kumwelekeza. Kwa furaha aliyokuwa nayo alisahau desturi ya miaka minne, akaitaja Ndoleli kwa jina. Apande gari la kwenda sokoni, ashuke kwenye josho la ng'ombe, aulize kwa Mama Monicah, nyumba ya juu yenye kaburi la saruji mbele. Everlyn atakuwa anamngoja.

"Chini yake utaona nyumba ya mabati yanayong'aa," alisema. "Huko usiingie. Hao ndio wanaotaka kutuua."

Agneta alikuwa ameitoa kadi kwenye bahasha. Aliitazama muda mrefu, namba, jina, mhuri, kisha akaigeuza nyuma ambako hapakuwa na kitu, akaitazama huko pia.

"Mabati hayo niliyanunua mimi, Ndugu Zadock," alisema.

Zadock hakuelewa mara moja. Alidhani anataniwa, akatabasamu, na tabasamu likamkaa usoni likikosa pa kwenda. Agneta akamwambia kwamba Mama Shem ni mama yake mzazi. Yeye ploti ile alikuwa ameiona mara moja tu, siku walipoonyeshwa vigingi, mvua ikinyesha, mama yake akiwa amejifunika gunia. Miezi michache baadaye akaja Dubai ili mama yake asife kwenye hema. Nyumba waliyoiombea ndiyo hiyo. Zadock akaikumbuka sauti yake mwenyewe chumbani juu, akimwomba Mungu amwaibishe kila anayeinuka juu ya nyumba ile.

Walikaa kwenye mabenchi ya wateja. Mteja mmoja aliingia kuchukua kanzu zake, akahudumiwa, akatoka. Zadock aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, ni nani aliyempa mama yake namba hiyo.

"Waliowapa ninyi," Agneta alisema. "Si unaona mhuri."

Kisha akairudisha kadi ndani ya bahasha, akaiweka juu ya goti la Zadock.

"Nikikwambia nitaipeleka nitakuwa nakudanganya. Saa hii nataka kuipeleka. Lakini nikifika nikamwona mama alivyozeeka, mkono wangu siujui utafanya nini. Kuna moto jikoni kwetu kama kwenu. Afadhali nikuambie hapa, tukiwa bado tunatazamana."

"Wewe unaweza kukataa," Zadock alisema. "Mimi sina mwingine."

"Najua."

Alitaka kumkasirikia, akatafuta hasira mwili mzima asiipate. Kama angemwita mwizi, mwizi gani anayekurudishia mali mkononi? Na kama angemsihi, angekuwa anamsihi mtu akamfukuze mama yake mwenyewe. Agneta alikuwa akilia bila sauti, akijipangusa kwa shati la mteja bila kujua. Mwishowe Zadock alimtakia safari njema, kwa sababu ndivyo mtu anavyomwambia msafiri, akatoka na bahasha yake. Agneta alimfuata mpaka mlangoni akasimama pale, na alikuwa bado amesimama basi lilipoondoka.

Alhamisi Zadock alibadilishana zamu na mwenzake akaenda uwanja wa ndege akiwa na sare yake ya kazi, kwenye foleni ya ndege ya mchana ya Nairobi. Aliwaendea abiria mmoja mmoja. Alisema ni karatasi tu, akaifungua waione, akataja Kitale, akataja mke na watoto watatu. Wengi walitikisa kichwa kabla hajamaliza. Bahasha ya mtu usiyemjua haibebwi, kila mtu ana kisa cha aliyebebeshwa akaozea gerezani. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimwonea huruma akanyoosha mkono, mumewe akaushika akaurudisha chini. Baadaye askari alikuja akamwambia kwa upole ahame pale, anawasumbua abiria. Khalas, basi, rafiki, alisema. Zadock akahama.

Jioni hiyo ndipo alipomwambia Everlyn ukweli, isipokuwa jina la Agneta. Alisema kadi anayo, ila wa kuibeba hakupatikana. Everlyn hakumgombeza. Aliuliza yeye mwenyewe anaonekanaje huko, amekonda? Afadhali angemgombeza.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye kibanda chake. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, mahali alipotaka iwe siku ile alipoondoka kwao. Upepo ulikuwa unavuma, na mchanga wa ndani ya uzio ulikuwa ukitoka nje kupitia chini ya mabati na wa nje ukiingia, na hakuna aliyeulizwa kadi. Aliandika saa moja, saa mbili, saa tatu, saa nne, hakuna tatizo. Kila alipoandika aliitoa kadi akaitazama kama inaweza kumwambia la kufanya. Alikuwa na kila kitu ambacho kamati ilikitaka, kasoro maili zote zile.

Simu ikalia karibu na saa tano.

Everlyn alisema zamu yao imepita. Alisimama na fotokopi, wakamwambia akae. Alisema kadi iko kwa mume wangu, Dubai. Mmoja wa kamati akauliza kama shamba nalo liko Dubai, watu wakacheka, hata wa njano walicheka. Mama Shem akatoa yake nyeupe kwenye kitambaa.

"Wameandika nini?" Zadock aliuliza.

"Wameandika hana. Wamesema tusipande."

Mvua zilikuwa zinakaribia, na mbegu Zadock alijua ziko wapi, juu ya dari ya jikoni, zilizochaguliwa na mtoto wao Monicah. Akauliza kuhusu kaburi. Everlyn alisema kuhusu kaburi hawakusema kitu.

"Kuna jambo lingine," akaendelea. "Wana binti yao amerudi jana, huyo wa mabati. Tulipotoka darasani alinifuata. Mimi nilidhani anakuja kunitukana. Akanishika mikono yote miwili, akalia, nikashindwa kumtoa. Sasa yeye analia nini na ardhi wamepata wao? Anasema anatoka hukohuko uliko. Unamjua?"

Zadock aliutazama mchanga. Angeweza kusema Dubai ni kubwa, na Everlyn angeamini.

"Namjua," alisema. "Tunasali pamoja."

Zadock alisikia watu wakipita nyuma ya Everlyn, na kwa mbali mtu akiita ploti namba mia moja na kumi na tano, kisha salio likaisha. Akairudisha simu mfukoni pamoja na kadi. Saa tano ilikuwa imetimu, kwa hiyo akakivuta kitabu, akaandika saa, akaandika hakuna tatizo, akatia sahihi.